Donge la Manyoya Tumboni mwa Paka: Kinga Iko Mkononi, Haiko Dukani

Somo kwa wafugaji wa majumbani



Katika Kata ya Chemchem, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Tabora, paka hafugwi kwa ajili ya pambo tu. Nyumba nyingi huhifadhi ndani mahindi, mpunga na karanga za msimu mzima, na pasipo paka, panya hujifanya wenye nyumba. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19, njia moja ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Leo ni njia panda ya reli za Kigoma na Mwanza. Penye biashara pana ghala, na penye ghala ndipo paka anapopata kazi.

Kwa hiyo paka anapoinama kwenye kona ya ua, akanyoosha shingo, akakohoa kwa kukwama na hatimaye akatapika kitu kirefu cheusi mfano wa kidole, familia nzima hushtuka. Huyu husema ni mnyoo, yule husema amekula sumu ya panya, na mwingine hutumwa dukani kutafuta dawa. Hapo ndipo suala hili linapoingia katika kazi ya udhibiti na elimu kwa mlaji. Kile alichokitapika paka ni nadra sana kumwua. Kile atakachonyweshwa baada ya hapo chaweza kumwua kabla ya jua kuchwa.

Baada ya kusoma somo hili, mfugaji anatarajiwa aweze: (a) kueleza donge la manyoya linavyotokea, (b) kumchana paka kwa utaratibu unaofaa, (c) kutaja vitu visivyopaswa kabisa kutumiwa kama tiba, (d) kukagua dawa ya mnyama kabla ya kuilipia, na (e) kutambua dalili zinazodai daktari wa mifugo.

1. Donge la manyoya ni nini?

Paka hujisafisha kwa ulimi, na kazi hiyo humchukulia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho. Aliyewahi kulambwa na paka anajua kwamba ulimi wake unakwaruza kama msasa. Sababu ni kwamba umejaa vijimwiba vidogo vigumu, vilivyoumbwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha, na vyote vimepinda kuelekea kooni. Vijimwiba hivyo hunasa vumbi, viroboto na manyoya yaliyolegea. Kwa kuwa vimeelekea ndani, paka hana njia rahisi ya kuyatema manyoya aliyoyanasa. Huyameza.

Manyoya hayasagiki tumboni. Mengi hupita salama katika utumbo na kutoka pamoja na kinyesi bila mwenye paka kujua. Machache yanayobaki tumboni husokotana pamoja na ute na mabaki ya chakula hadi yakawa donge. Donge linapotapikwa hupitia katika umio, ambao ni mwembamba, na ndiyo maana hutoka likiwa refu mithili ya kidole wala si la mviringo.

Je, ni jambo la kawaida? Kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la tiba ya paka mwaka 2013, takriban paka 1 kati ya 10 wenye manyoya mafupi hutapika donge mara 2 au zaidi kwa mwaka. Kwa wenye manyoya marefu, kiwango hicho ni kama maradufu. Paka wetu wa kienyeji wana manyoya mafupi. Basi paka wa kienyeji anayetapika donge mara moja baada ya miezi mingi hana ugonjwa. Anayetapika kila wiki au kila mwezi anatoa taarifa, na taarifa hiyo ni ama anajilamba kupita kiasi, ama tumbo lake halisukumi vitu inavyopasa.

2. Kwa nini hapa kwetu uchanaji ni kazi ya mwaka mzima?

Maelezo mengi ya ufugaji wa paka yanayotufikia yameandikwa katika nchi za baridi. Huko mfugaji huambiwa aongeze bidii majira ya kuchipua, kwa sababu mwili wa paka hufuata urefu wa mchana: siku zinapoanza kurefuka, manyoya mazito ya baridi hupukutika kwa wingi. Tabora ipo karibu digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki hata saa moja. Kwa hiyo paka wa hapa hana msimu mmoja wa kupukutisha. Hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima.

Mazingira huongeza mzigo huo. Wakati wa kiangazi, kuanzia takriban Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu hushika manyoya na paka hulazimika kujilamba zaidi. Mvua zinapoanza, unyevu na joto huwafaa viroboto, naye hujilamba kwa sababu ya kuwashwa. Mfugaji anayesubiri msimu wa kuchana atasubiri bure, kwa kuwa msimu wenyewe ni kila wiki.

3. Jinsi ya kumchana paka

Vifaa ni vichache na havihitaji gharama kubwa: kitana chenye meno membamba yaliyokaribiana, brashi laini, kitambaa safi chenye unyevu na bakuli la maji. Kitana cha paka kisitumiwe na watu wa nyumbani.

Hatua ya kwanza: Chagua wakati paka ametulia, hasa baada ya kula au anapoota jua asubuhi. Usimfukuze wala kumkamata kwa nguvu. Mkalishe pajani au juu ya mkeka, mpapase kwanza kwa mkono mtupu, na chunguza kama pana kidonda, uvimbe au kupe.

Hatua ya pili: Anza kichwani na shingoni, ambako paka wengi hupenda kuguswa, kisha ushuke mgongoni hadi kwenye shina la mkia. Chana kufuata mlalo wa manyoya, kwa mkono mwepesi. Kuchana kinyume humkera na kumfundisha kukuogopa.

Hatua ya tatu: Pitia mbavu, kisha kifua. Tumbo na sehemu ya ndani ya mapaja ziwe za mwisho, kwani ngozi ya hapo ni nyororo na paka wengi huilinda. Akitikisa mkia kwa hasira au kulaza masikio nyuma, acha. Dakika 3 zinazokubalika zina faida kuliko dakika 15 za vita.

Hatua ya nne: Kila baada ya michano michache, ondoa manyoya kwenye kitana na uyatie katika bakuli la maji ili yasipeperuke. Fundo lililosokotana lifunguliwe taratibu kwa vidole. Usilikate kwa mkasi karibu na ngozi, maana ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika ndani ya fundo.

Hatua ya tano: Malizia kwa kumpangusa mwili mzima kwa kitambaa chenye unyevu. Manyoya yaliyolegea ambayo kitana hakikuyapata yatashikwa na kitambaa. Kila unyoya ulio kwenye kitambaa ni unyoya ambao hautaingia tumboni.

Paka mwenye manyoya mafupi achanwe mara 1 au 2 kwa wiki, kwa dakika 5 hadi 10. Mwenye manyoya marefu, kama wale wa Kiajemi ambao baadhi ya watu hununua mijini, achanwe kila siku. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa paka aliyezoeshwa kitana tangu miezi yake ya mwanzo hatasumbua akishakua. Paka mzee au mnene asiyefikia tena mgongo wake ahudumiwe zaidi, kwa sababu hawezi kujisafisha sawasawa.

Ukiparuzwa au kung'atwa wakati wa kazi hii, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia na huambukizwa kwa njia hiyo. Hakikisha paka wako amechanjwa na chanjo inarudiwa kama daktari wa mifugo alivyoelekeza.

4. Chakula, maji na viroboto

Kitana kinahitaji wasaidizi watatu. Wa kwanza ni maji safi yanayopatikana wakati wote, kwani tumbo lenye maji ya kutosha husukuma manyoya kwa urahisi. Bakuli likae kivulini, na maji yabadilishwe kila siku.

Wa pili ni chakula kinachomfaa mla nyama. Ugali mtupu uliochovywa mchuzi hautoshi. Paka huhitaji nyama, samaki au dagaa, na vyakula hivyo ndivyo vinavyoipa ngozi afya na kupunguza manyoya yanayokatika. Asipewe chakula kilichoungwa kwa vitunguu, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa, ambayo wengi huyadhania kuwa chakula cha asili cha paka, huwaharisha wengi waliokwisha kukua.

Wa tatu ni udhibiti wa viroboto. Ukipata kwenye kitana punje nyeusi zinazogeuka rangi ya damu zikiwekwa juu ya karatasi yenye maji, hizo ni kinyesi cha viroboto. Osha na uanike juani matandiko anayolalia paka, fagia nyufa za sakafu, na muulize daktari wa mifugo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka.

5. Mambo yasiyopaswa kufanywa

Tuchukue mfano. Mjukuu anamwambia bibi yake kwamba paka anakohoa na ametapika manyoya. Bibi anampa fedha na kumtuma dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Bibi anaomba dawa ya paka. Anakohoa."

Mwuza duka hana dawa ya paka, lakini hapendi kumrudisha mtoto mikono mitupu. Anamkatia vidonge viwili vya homa na maumivu, vile ambavyo watu wazima humeza, na kumwelekeza kwamba paka apewe kimoja kilichopondwa ndani ya maziwa. Bibi anafanya hivyo kwa huruma.

Katika mfano huu hakuna mtu mwenye nia mbaya. Hata hivyo, ikiwa vidonge hivyo ni parasetamoli, kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua paka. Ini la binadamu huigeuza parasetamoli kuwa kitu kinachotoka mwilini kwa usalama, ilhali ini la paka halina uwezo huo wa kutosha. Sumu hubaki na kuiharibu damu, nayo hushindwa kubeba hewa. Ndani ya saa chache fizi hugeuka rangi ya matope, uso na nyayo huvimba, na pumzi huwa nzito. Paka aliyekuwa na donge la manyoya tu amepata sumu. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja, pamoja na pakiti ya vidonge.

Mambo mengine ya kuepukwa ni haya:

(i) Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa. Katika mkoa wenye mifugo mingi kama Tabora, chupa ya dawa ya kupe haikosekani katika nyumba ya mfugaji, na ni rahisi kuona kwamba kinachoua kupe wa ng'ombe kitaua viroboto wa paka. Viambato ambavyo majina yake kwenye lebo huishia kwa herufi -methrin ni vya kuogopwa zaidi. Ng'ombe na mbwa huvihimili kwa kipimo chao. Paka aliyepakwa dawa ya mnyama mwingine yenye viambato hivyo hutetemeka, hukakamaa na huweza kufa. Likitokea, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umfunike apate joto, na umpeleke kwa daktari.

(ii) Mafuta ya taa. Wapo wanaoyapaka ili kuua viroboto. Paka atayalamba yote, na mvuke wake utaingia mapafuni.

(iii) Kummiminia mafuta kinywani. Mafuta yoyote yanayomiminwa kwa nguvu huweza kupita njia ya hewa. Yakifika mapafuni huleta homa ya mapafu iliyo hatari kuliko donge lenyewe.

(iv) Kuvuta uzi au utepe unaoning'inia mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa. Ncha ya pili yaweza kuwa imeshikilia utumbo, nao utakatika.

(v) Kuingiza vidole kooni mwa paka anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, hasa kama tabia yake imebadilika ghafla. Kichaa cha mbwa huweza kuonekana kama mnyama aliyekwamwa na kitu kooni.

6. Unaponunua dawa ya mnyama

Nchini Tanzania dawa za mifugo, sawa na dawa za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kabla ya kuingia sokoni. Wataalamu wanaotoa huduma ya tiba ya wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari. Mlaji anayo haki ya kuuliza juu ya yote mawili. Kabla ya kulipa, kagua yafuatayo:

– Je, lebo inamtaja paka? Kama imeandikwa ng'ombe, mbuzi au mbwa pekee, dawa hiyo si ya paka, hata kwa kipimo kidogo.

– Je, kipo kipimo kinachofuata uzito na umri wa paka? Mpime paka kabla ya kwenda dukani: panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, na utoe tofauti.

– Je, ipo namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuisha muda?

– Je, dawa imo katika chombo chake cha awali kilichofungwa? Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au kufungwa katika kipande cha mfuko wa plastiki haina jina, haina kipimo na haina wa kuulizwa. Usiinunue.

– Je, umepewa risiti? Pasipo risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Zipo pia bidhaa za kuagizwa zinazotangazwa kuzuia madonge ya manyoya, zikiwa katika namna ya chakula chenye nyuzinyuzi au malai ya kulambwa. Bidhaa iliyo halali na iliyokusudiwa paka yaweza kumsaidia paka mwenye manyoya marefu, kwa ushauri wa daktari. Lakini haizuii manyoya kuingia tumboni. Kazi hiyo hufanywa na kitana. Asiyechana na akanunua malai anafuta maji huku bomba likiwa wazi.

7. Dalili zinazodai daktari wa mifugo

Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo, au wasiliana na afisa mifugo wa kata yako, uonapo mojawapo ya haya:

– anakohoa kwa kuinama na kunyoosha shingo mara kwa mara, lakini hakitoki kitu. Hiyo huenda ikawa pumu au ugonjwa wa mapafu, wala si manyoya. Akipumua kwa kinywa wazi, usingoje hata saa moja;

– anatapika mara nyingi kwa siku, au kila anywacho hukirudisha;

– hajala kwa saa 24. Paka, hasa mnene, hawezi kukaa na njaa kama mbwa, kwani ini lake huanza kudhurika baada ya siku chache;

– hapati choo, tumbo ni gumu na analia akiguswa;

– anatapika madonge mara kwa mara ingawa anachanwa, au ana mabaka yasiyo na manyoya.

Chukua picha au video fupi ya kikohozi chake kwa simu. Paka mara nyingi hunyamaza afikapo mbele ya daktari, na video hiyo itamwonyesha asichoweza kukiona kwa wakati huo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini paka humeza manyoya badala ya kuyatema?
2. Kwa nini mfugaji wa Tabora hapaswi kungoja msimu maalumu wa kumchana paka?
3. Jirani yako amebakiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe na anakupa bure umwogeshee paka. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?
4. Taja mambo matano ya kukagua kabla ya kulipia dawa ya mnyama.
5. Paka amekohoa siku tatu bila kutapika kitu. Je, ni donge la manyoya? Utafanya nini?

Hitimisho

Donge la manyoya ni jambo dogo linaloweza kugeuzwa kuwa msiba na haraka ya mwanadamu. Paka akitapika donge moja na kisha akala na kucheza, hahitaji dawa. Safisha sakafu, chukua kitana na umwite. Akirudia mara kwa mara, usimtume mtoto dukani. Mtafute anayejua. Dakika chache za kuchana kila wiki humwacha mlinzi wa ghala lako akiwa mzima, nawe ukiwa na fedha yako mfukoni.